Mpokea Mbao

4 Machi

Bisibisi wa mama,

Dereva wenu wa mizigo ameniambia umenenepa. Sijui kama hiyo ni salamu au ni umbea, ila nimeipokea kwa mikono miwili, maana mara ya mwisho ulipokuja hapa ulikuwa umekonda mpaka shati ndilo lilikuwa linakuvaa wewe. Kula, mdogo wangu. Duka la mashine halitakimbia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu moja tu. Shemeji yako hawezi kukaa karibu na simu bila kubonyeza spika, na jambo hili sitaki alisikie kabla halijaiva. Barua nampa dereva, dereva anakupa wewe, basi.

Ile mashine yetu ya kupasulia mbao imekufa. Fundi alikuwa anapasua mbao za vitanda, ukatoka moshi, mimi nikadhani ni mbao inaungua kumbe ni mota. Amekaa nayo chini karakanani tangu asubuhi, mara aifungue, mara aifunge, na chakula hakutaka.

Unaijua mashine yenyewe. Ile meza nzito aliyoiunda kabla hajanioa, mota chini, diski juu. Yeye anasukuma mbao upande huu, mimi naipokea upande ule isije ikaanguka na kupasuka, au ikajibana na kumrudia. Ndoa yetu yote nimesimama upande ule. Wanawake wenzangu wanalalamika waume zao hawawatazami machoni. Wangu ananitazama kutwa, ila anahakikisha tu vidole vyangu viko mbali na diski.

Sasa nataka mashine nyingine, ya bei ya watu kama sisi, ndogo, ya kubebeka. Mtu mmoja aweze kuinyanyua, mtu mmoja aifungue miguu, mtu mmoja apasue mbao ndefu bila mwenzake wa kupokea. Hilo la mwisho ndilo muhimu, usilipite kama unavyopita matangazo ya redio. Fundi anaitwa kufanya kazi kwenye nyumba za watu, na mimi siwezi kumfuata kila mahali kama begi lake la vifaa.

Mimi sijambo. Kifua kinanisumbua kidogo, ni vumbi la mbao tu. Jibu upesi.

Dada yako


9 Machi

Dada mkubwa, mama mdogo, bosi wangu,

Kwanza, sijanenepa. Dereva ananiona nikiwa nimevaa makoti mawili, maana feni ya huku ofisini mwenye duka hataki izimwe. Umbea huo urudishe ulikotoka.

Pole ya mota. Mwambie Fundi asihangaike kuisuka upya, ile imeshatumika ujana wake wote na wa kwake Fundi pia.

Nimezunguka stoo nzima kwa ajili yako. Unajua bei rahisi iko ya aina mbili: kuna mashine ambayo wamepunguza mapambo, na kuna ambayo wamepunguza chuma. Mteja anaangalia rangi na ukubwa wa maandishi kwenye boksi. Wewe nakwambia uangalie reli ya pembeni, ile inayoongoza mbao iende sambamba na diski. Ifunge, kisha itikise. Ikicheza, iache hapo hapo dukani hata kama wanaigawa bure. Halafu uangalie ule ulimi wa chuma nyuma ya diski, unaozuia mbao isifumbe ikabana. Kama haupo, hiyo si mashine, hiyo ni kesi ya hospitali.

Zilizobaki baada ya mchujo huo ni mbili, na bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ndogo, miguu ya kukunja, mtu mmoja anaibeba. Kwa kuwa meza yake ni fupi, unaiongezea stendi yenye rola juu, unaisimamisha nyuma ya mashine, mbao ikitoka inateleza juu ya rola na kutulia. Hiyo rola ndiyo inafanya kazi yako, Dada, ila haipigi soga.

Ya pili ni kubwa, imetumika kidogo, nimeirekebisha kwa mikono yangu. Mota nzito, chuma cha kweli. Kuihamisha kunataka watu wawili na mbao ndefu zinataka mpokeaji vilevile.

Mimi nakushauri kubwa. Mwenye mpokeaji kama wewe anatafuta rola ya nini? Hiyo ni kwa wajane na makapera kama mimi.

Bisibisi


15 Machi

Kwako Shemeji,

Nakusalimu. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Dada yako ameniambia umemtajia mashine mbili. Naomba uniletee ile kubwa. Yeye akikuandikia anataka ndogo, usimbishie, wewe lete kubwa tu. Na haya ninayokueleza asiyajue.

Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali kwa ajili ya kikohozi. Walimpiga picha, wakamchukua vipimo. Baadaye daktari aliniita peke yangu, yeye akabaki nje kwenye benchi. Daktari alisema si vumbi. Alisema ni uvimbe, upo kwenye mapafu na umeshaenda kwingine, na kwamba wamechelewa kuuona. Nilimuuliza kama kuna hospitali nyingine. Alinijibu kwa upole sana, na kwa ule upole nilielewa.

Nilipotoka, dada yako aliniuliza, "Vipi, wamesema nina nini?" Nikamwambia ni vumbi la mbao, apumzike. Akasema, "Nilijua tu," akacheka. Shemeji, sijawahi kumficha kitu mke wangu. Hata zawadi sijui kumfichia. Hili nimeliweza na sijui nimeliwezaje.

Sasa kuhusu mashine. Nikinunua ya mtu mmoja atanielewa mara moja. Ataona nimeshamwondoa mezani. Ila akiona kubwa inaingia, inayotaka watu wawili, atajua upande wake upo pale pale na mimi namngoja apone. Labda atakula. Siku hizi anakula kama anayeonja chumvi.

Kama inawezekana iwe haina kelele, kwa sababu mchana analala.

Shemeji yako,
Fundi


19 Machi

Dada,

Natumaini hamjambo. 

Naomba unieleze vizuri kati ya zile mashine mbili unataka ipi hasa. Nilikushauri kubwa, lakini nilisema haraka haraka. Ndogo nayo ni nzuri. Shemeji anaonekana kuvutiwa na kubwa. Sitaki nikulazimishe.

Unakula? Unalala vizuri? Kikohozi kimepungua? Naweza kuomba ruhusa nije hata kwa muda mfupi, mwenye duka hana neno.

Niambie chochote unachohitaji, nitatuma.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako haina mzaha hata mmoja. Nimeisoma mara mbili nikautafuta. Kwa hiyo amekuandikia.

Usihangaike kutunga uongo, hujui. Tangu utotoni ukidanganya unauliza kama mtu amekula.

Sikiliza. Mimi ndiye niliyemuuliza daktari kwanza. Siku ya vipimo, Fundi alipokwenda kulipia dirishani, nilimshika daktari mkono nikamwambia, niambie mimi, mimi ndiye mwenye kifua. Akaniambia. Nikamwomba amwite mume wangu faraghani amweleze taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kumtamkia. Nilidhani atatoka pale alie, tulie wote, tumalize. Akatoka akaniambia ni vumbi. Uso umekakamaa, jasho linamtoka, ananiambia ni vumbi! Nikacheka nisije nikapiga yowe.

Tangu siku hiyo anaibeba siri yake kwa uangalifu kama trei ya mayai, na mimi sina moyo wa kumpokonya. Kwa hiyo humu ndani kila mtu anajua, na kila mtu anamlinda mwenzake. Usiku tunalala tumegeukiana migongo, kila mmoja anajifanya amelala.

Sasa nikueleze kwa nini nataka ndogo, ili usije ukanifanyia huruma ya kijinga. Mama yake Fundi alipofariki, Fundi alifunga karakana. Si kwa wiki. Alifunga mpaka panya wakazaa kwenye sanduku la misumari na wateja wakasahau njia ya kuja kwetu. Alikuwa anakaa kwenye kiti mlangoni, hanywi pombe, hagombani na mtu, anakaa tu. Nilizungumza, nikanyamaza, nikanuna, wapi. Mwisho nikaingia karakanani mwenyewe, nikabeba mbao, nikaiweka mezani, nikaenda kusimama upande wangu nikashika ncha. Nikasimama pale mpaka mikono ikafa ganzi. Akaja. Akawasha mashine, akasukuma. Tangu hapo akarudi kuwa mtu.

Mungu hakutujalia mtoto. Safari hii nani atakwenda kushika ncha ya pili? Ile kubwa ikiingia hapa, siku nitakayokuwa sipo itakuwa na upande mtupu unaomtazama, naye atakaa mlangoni mpaka afe. Sitaki, Bisibisi. Siogopi kaburi kama ninavyokiogopa kile kiti.

Lete ndogo, na rola yake. Ilete upesi, nataka nimzoeze mwenyewe wakati bado naweza kukaa dirishani nikamfokea. Na usimwambie kwamba najua. Akiwa tayari ataniambia.

Dada yako


28 Machi

Kwako Shemeji,

Pole na majukumu, na pole kwa yale uliyonieleza. Nimelia hapa stoo nyuma ya maboksi, mwenye duka akajifanya anatafuta kitu akaondoka.

Kuhusu mashine, kwa bahati mbaya ile kubwa imenunuliwa. Mteja alikuja na gari yake wakaipakia. Nimekutumia ile ndogo ili usikae bila kazi. Miguu iko ndani ya boksi, inafunguka yenyewe ukiivuta. Stendi ya rola iko peke yake. Unaiweka nyuma ya mashine, urefu wake uwe chini ya uso wa meza kwa unene wa kadi, isizidi, la sivyo mbao itagonga badala ya kupanda.

Mashine isiyo na kelele haijatengenezwa bado. Weka mpira chini ya miguu yake, na uielekeze mbali na dirisha la chumbani.

Itumie hiyo kwa sasa, Shemeji. Ni nzuri kuliko inavyoonekana.

Shemeji yako wa dukani


6 Aprili

Kwako Shemeji,

Mzigo ulifika dada yako akiwa amelazwa. Alipungukiwa pumzi, wakamwekea mashine ya hewa, sasa amerudi nyumbani. Kwa hiyo hakuuona.

Sikuufungua. Nimemrudishia dereva kama ulivyokuja, kamba zake zote. Nakushukuru kwa nia yako, lakini nitasubiri kubwa nyingine ikija dukani, hata kama itachukua muda. Haraka haipo. Dada yako akiuliza namwambia barabara zimeharibika.

Wakati nasubiri nimeanza kutengeneza meza mpya kwa msumeno wa mkono. Nimeiongeza upana upande wake, na pale anaposimama nimeweka ubao mwembamba uliofungwa godoro, asichoke miguu. Jana alinisikia nikigonga akauliza nafanya nini. Nikamwambia namtengenezea mahali pake. Alivuta shuka tu. Nadhani alifurahi.

Ukipata kubwa nijulishe.

Fundi


10 Aprili

Shemeji,

Nimekudanganya. Ile mashine kubwa haijanunuliwa. Iko hapa, naiona nikiinua macho. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa na barua zenu mbili mkononi na kila moja inaniambia nisiseme. Nikajiona mjanja, kumbe nimewapotezea siku ambazo haziuzwi dukani.

Dada anajua. Alijua kabla yako. Ni yeye aliyemwomba daktari akuite. Alidhani utamwambia, nawe ukamwambia ni vumbi, akakuachia kwa sababu aliona unavyojitahidi. Amekuwa akingoja umwambie tangu siku ile.

Yeye ndiye aliyetaka mashine ndogo. Hataki mashine ya watu wawili ibaki na wewe peke yako. Hajalala kwa sababu ya kile kiti cha mlangoni, ulichokalia mama yako alipofariki. Anataka akuone ukipasua mbao bila yeye, akuone kwa macho yake, ndipo apumzike. Wewe unamjengea mahali pa kusimama, naye kila akisikia nyundo anahesabu kwamba hujakubali.

Amenikataza kukuambia haya. Nitapata matusi yangu, acha niyapate.

Mzigo unarudi na dereva huyu huyu. Nimemwambia hata ukimfukuza kwa mbwa auache getini. Barua yangu usiijibu. Ingia chumbani.

Mdogo wake


2 Mei

Bisibisi,

Mwandiko usiucheke, naandika nimelala. Nimeanza barua hii jana nikachoka, naiendeleza leo.

Mdomo wako hauna kufuli. Nilikuambia usiseme. Nimekutukana siku nzima, Fundi shahidi. Na asante.

Aliingia na barua yako mkononi, viatu vya karakana miguuni, vumbi lote kwenye mkeka wangu. Akakaa kitandani. Nikamwambia vua viatu. Akasema, "Unajua?" Nikasema najua, vua viatu. Akavua kimoja akashindwa kuvua cha pili. Tulilia, mdogo wangu, tulilia mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama nimekufa. Nikamjibu bado. Fundi akacheka akiwa analia, sijawahi kumwona hivyo.

Tangu siku hiyo tunalala tumetazamana.

Mashine ameifunga uani, chini ya dirisha langu, hakuielekeza mbali kama ulivyomwambia. Nimemkatalia. Nataka kelele. Ameipenda, ingawa hasemi. Amepapasa reli kwa kidole, amepima pembe ya diski, amegonga ule ulimi wa chuma kwa kucha. Mtu akigonga kwa kucha ujue ameshakubali.

Tatizo ni rola. Anaweka mbao, anawasha, anaanza vizuri. Ikifika katikati ananyanyua macho kunitafuta upande ule. Ananikuta dirishani, siko pale, anasimama. Mbao inaungua palepale inaacha alama nyeusi. Namfokea, "Tazama reli! Usinitazame mimi!" Miaka yote nimemzoeza anitazame, sasa namfundisha asinitazame. Ni kazi ngumu kuliko ya kwanza.

Zimeharibika mbao nyingi. Hakuna hata moja iliyopita mpaka mwisho. Ananiambia, "Kesho." Namwambia sawa.

Ungetuma mapema ningekuwa na sauti ya kumfokea vizuri zaidi. Sikulaumu, nasema tu kwa sababu ndivyo ilivyo, na mimi na wewe hatujawahi kufichana. Jana nilitaka kumwambia kitu akiwa uani, nikafungua mdomo, sauti ikagoma kutoka. Akaendelea kufagia.

Sasa nimechoka kweli. Kula.

Dada yako


11 Juni

Kwako Shemeji,

Tangu niondoke hapo baada ya mazishi nimepiga simu mara nyingi, hupokei. Dereva anasema alikukuta umekaa mlangoni, ukampokea mzigo wa jirani, ukasaini, ukarudi kukaa. Ninaogopa kumuuliza kama ulikuwa umekaa kwenye kile kiti, kwa hiyo sikumuuliza.

Mimi mwenyewe si mzima. Mteja akiniuliza mashine ipi ni ya mtu mmoja, namwonesha kwa kidole tu.

Kama ile mashine inakuumiza kuiona, niambie nitume watu waichukue. Haina maana kitu kikukae machoni kila siku kwa sababu marehemu alitaka. Sitakulaumu, na naamini yeye naye hatakulaumu, ingawa angekufokea kwanza.

Niandikie hata mstari mmoja. Umebaki wewe.

Mdogo wake


7 Julai

Kwako Shemeji,

Nakusalimu. Samahani kwa kutokupokea simu. Ile spika ikilia nyumbani inajaza vyumba vyote, siwezi.

Ni kweli nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti. Sitakuficha, nimeacha kufichaficha. Nilikaa. Mashine nilikuwa nimeifunika turubai, karakana nimeipiga kufuli, na sikuwa na nia ya kuifungua. Nilishaanza kukuandikia uje uichukue, nikakosa kalamu.

Juzi alikuja yule mwalimu anayekaa mtaa wa nyuma. Akasimama mbele yangu akaniuliza kabati lake la vitabu limefikia wapi. Nikamwambia mimi sina kazi yako. Akasema dada yako alimwita dirishani, mwezi wa Mei, akakubaliana naye kila kitu, vipimo, mbao, idadi ya rafu. Alimwambia, "Usije mapema. Njoo watu wa msiba wakishatawanyika. Atakwambia hana kazi yako. Wewe simama tu, usiondoke." Na kweli mwalimu alisimama. Nikamtazama, akanitazama. Mtu mzima, amebeba daftari za wanafunzi za kusahihisha, jua linampiga, hasogei. Shemeji, mke wangu ananipangia kazi mpaka sasa.

Nikaona aibu, nikaamka. Nikafungua kufuli.

Nilitoa mbao za ubavu wa kabati, zile ndefu. Nikafunua mashine, nikaikagua reli, nikasimamisha rola kama ulivyoeleza, chini ya meza kwa unene wa kadi. Mwalimu alitaka kuja kushika upande wa pili, nikamkatalia, nadhani nilimkatalia kwa ukali. Akarudi nyuma.

Nikawasha. Nikasukuma. Ilipofika katikati macho yangu yakataka kunyanyuka, nikayazuia kwenye reli. Nilijua nikiyanyanyua nitaona dirisha limefungwa. Nikaendelea kusukuma. Mbao ikapanda juu ya rola, ikateleza taratibu, ikapita yote, ikalala pale, haina alama hata moja.

Shemeji, nilikuwa naomba moyoni ianguke. Nakuambia ukweli. Nilitaka ianguke ipasuke, japo hiyo moja, ili ionekane kwamba pale pana kazi ya mtu, na mtu huyo hayupo, na kwa kuwa hayupo kazi imeharibika. Nilitaka hata mbao ione kwamba hayupo. Lakini haikuanguka. Alichagua vizuri. Nilizima mashine nikakaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia mbele ya mwalimu wa watu, nikilia kwa sababu haikuanguka.

Mwalimu aliweka daftari zake chini akanisubiri.

Nilipomaliza nilijifuta uso, nikawasha tena, nikachukua mbao ya pili.

Shemeji yako,
Fundi